Fungu la Aliye Mbali

Kabla ya kuingia jikoni kwa Mwalimu ulisimamishwa mlangoni ukaambiwa utoe mikono. Haikujalisha wewe ni nani. Niliwahi kumwona padri akigeuza viganja juu na chini mbele ya yule mama mfupi, kucha zake zikikaguliwa moja moja, na padri mwenyewe anacheka kwa aibu. Alipomaliza kumkagua akamwambia, "Baba, hii kidole gumba iko na wino. Rudi kwa maji." Padri akarudi kwa maji.

Mimi nilianza kusimama mlangoni pale nikiwa msichana wa shule ya msingi, yeye akiwa mwalimu wetu wa sayansi kimu. Alikozaliwa na ukoo wake sitavieleza, maana havitakusaidia kumjua. Jina lake nalo nitaliacha. Dabani nzima, upande wa Uganda, walimwita Mwalimu, hata wale ambao hawajawahi kukanyaga darasa, hata marehemu mumewe. Leo nina hoteli yangu Busia, upande wa Kenya, nawapikia madereva wa malori wanaosubiri kuvuka mpaka. Hakuna sufuria ninayoitua ambayo sijafundishwa naye jinsi ya kuisugua. Nikisema nilimpenda nitakuwa nimesema kidogo, na nikisema alinichosha pia sijadanganya.

Alikuwa na mdomo, jamani. Ugali wangu wa kwanza darasani aliuchoma na mwiko, akautazama ukijikusanya polepole, akawaita wenzangu wote waje waone. "Hii si ugali," akasema. "Hii ni uji imesimama." Tangu siku hiyo jina langu likawa Uji. Nimezaa, nimejenga, nimefungua hoteli, na bado alikuwa akifika mpakani anasimama mbele ya wateja wangu anauliza, "Uji iko wapi?" Madereva wakadhani anaagiza uji. Nilikuwa nakasirika kweli, halafu namtolea kiti.

Kuonja kwake kulikuwa na taratibu. Hakuwahi kulamba mwiko. Alidondosha mchuzi kidogo kwenye kiganja, akaonja hapo, akanawa. Alitufundisha kupima chumvi kwa kijiko kilichosawazishwa kwa kisu, na akikukuta umekijaza unarudia zoezi lote. Kwake nyumbani alirusha chumvi kwa mkono bila kutazama, huku anaongea na mtu mwingine kabisa. Ukimwuliza kijiko kiko wapi, anakujibu kijiko ni cha wanaojifunza. Kwenye harusi moja alimwaga sufuria nzima ya pilau kwa sababu aliona mpishi amekohoa juu yake. Watu walinung'unika, na bwana harusi akaja kumbembeleza. Yeye alikuwa ameshajifunga kanga kiunoni anachambua mchele mwingine.

Basi mtu kama huyo ungetegemea apende friji. Binti yake alimtumia moja, nyeupe, nzuri, ikaletwa na gari mpaka mlangoni. Mwalimu alishukuru, akaifuta, akapanga ndani yake vitenge na vitabu vya nyimbo. Alisema chakula cha friji ni maiti, na yeye halishi watu maiti. Umeme wenyewe ulikuwa unakuja na kuondoka unavyotaka, kwa hiyo sikubishana naye sana. Alichoamini yeye ni moto, moshi, jua, na chupa.

Chupa ndizo zilizomfanya ajulikane mpaka Masafu na kwingineko. Alipostaafu aliwakusanya wamama wa kanisa akawafundisha kupika jamu ya nanasi na ya maembe, ile mizigo ya maembe inayooza chini ya miti kila msimu. Halafu nyanya za kusaga, halafu pilipili kwa siki. Chupa zilitoka kila mahali pa mpaka huu, za kahawa, za asali, za siagi ya karanga. Alizichemsha, akazianika juu ya kitambaa cheupe, akazijaza chakula kikiwa cha moto, akafunga, akazichemsha tena zikiwa zimezama. Sebuleni kwake hapakuwa na picha ukutani. Palikuwa na rafu ya chupa, nyekundu na njano, na Jumamosi alizifuta vumbi. Mgeni alioneshwa rafu kwanza ndipo akakaribishwa kukaa.

Nami nilikula vitu vya rafu ile miaka mingi na havikunidhuru. Nasema hivyo kwa sababu watu siku hizi wanazungumza kana kwamba chupa zote za Mwalimu zilikuwa sumu. Jamu yake ilikaa mwaka mzima na bado ilikuwa jamu. Ndiyo sababu aliziamini, na sisi tukamwamini. Kitu kikishakutii mara nyingi namna ile, huachi kukipa kazi nyingine.

Sasa nieleze Krismasi ya kwao, bila hiyo hutaelewa lolote. Siku ile alikuwa anapikia nyumba nzima na nusu ya majirani. Kulikuwa na ugali wa wimbi uliochanganywa na muhogo, kuku, samaki kutoka ziwani, mboga ya kunde. Lakini chakula chenyewe, kile watu walichofunga safari kukifuata, kilikuwa nyama ya ng'ombe iliyokaushwa kwa moshi kisha ikapikwa taratibu ndani ya karanga za kusaga. Nyama ilianza kuning'inia juu ya jiko wiki kadhaa kabla. Karanga alizikaanga mwenyewe, alizitwanga mwenyewe, na hapo hakumruhusu mtu kushika mchi. Mchuzi ule ulikuwa mzito, wa rangi ya udongo, na ulipoanza kutoa mafuta juu alikuwa anapunguza kuni na kutufukuza sote jikoni. Nimejaribu kuupika hotelini kwangu mara nyingi. Madereva wanausifu, lakini mimi najua si wenyewe.

Kabla ya mtu yeyote kupakuliwa, Mwalimu alitenga fungu la aliye mbali. Hii ilikuwa mila ya nyumba yao, alisema aliirithi kwa mama mkwe wake. Mtoto wa nyumba asiyekuwepo sikukuu anawekewa sehemu yake, na sehemu hiyo ina masharti. Haiguswi na mtu mwingine, hata kwa kuonja, kwa maana ukionja umemla mwenzako. Na hairudishwi motoni. Ukiipika tena, walisema, umeipikia siku nyingine, na yeye atakuwa hakuwepo Krismasi. Inapashwa tu kwa joto la maji ya moto, kisha anapewa mwenyewe akiwa ameketi, na wengine wanamtazama akila. Zamani fungu hilo lilikuwa kipande cha nyama kavu kilichobaki kikining'inia kwenye moshi. Mwenyewe akirudi hata baada ya miezi anakikuta, kigumu kama soli ya kiatu, anakitafuna huku anacheka na meno yanamuuma. Nyama kavu namna ile haikumdhuru mtu.

Aliyekuwa mbali ni binti yake, wa pekee aliyebaki hai. Alikwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani, kama walivyokwenda wasichana wengi wa huku. Alimwachia Mwalimu mtoto wake wa kike, akiwa bado mdogo wa kubebwa. Baba wa mtoto ni mtu wa Kisoko, huko Tororo. Ndoa yao ilikuwa imeisha kimyakimya, lakini wazazi wa mwanamume ni watu wazuri na walikuwa wakija kumwona mjukuu wao. Binti alikuwa akipiga simu ya video akiwa amejificha chooni kwa mwajiri wake, anamwambia mama yake amuelekezee simu kwenye sufuria. Nilikuwepo mara moja. Mwalimu anashika simu juu ya mchuzi, mvuke unaifunika, na sauti ya binti inasema, "Futa, Mama, sioni." Mwalimu anafuta kwa kanga, anaishika tena. Aliishika hivyo juu ya sufuria mpaka salio likaisha.

Binti alimwambia mama yake kwamba kule anakula kinachobaki kwenye sahani za wenye nyumba. Hilo lilimkaa Mwalimu rohoni kama mfupa. Alinijia hotelini siku moja akakaa bila hata kuniita Uji. "Mtoto yangu nakula makombo ya watu," akasema. "Halafu akirudi nyumbani mimi nampa soli ya kutafuna?" Aliamua fungu la binti yake lisiwe nyama kavu tena. Liwe mchuzi wenyewe, laini, kama ulivyopakuliwa Krismasi. Atauweka ndani ya chupa ukiwa wa moto, amwagie mafuta juu, afunge, auchemshe majini kama anavyochemsha nanasi.

Mwaka wa kwanza alifanya hivyo na ikawa sawa, kwa sababu binti alipata ruhusa akaja mapema Januari. Alikula, akalia, akarudi kazini. Mwalimu alitangaza habari hiyo kila mahali. Wamama wa kanisa nao wakaanza kutia nyama kwenye chupa, na maharage, na uyoga wa msimu wa mvua. Mwaka uliofuata binti hakupewa ruhusa. Fungu lake lilikaa kwenye rafu kati ya jamu na nyanya, na Jumamosi lilifutwa vumbi pamoja na mengine.

Binti alirudi karibu na Pasaka, mkataba umekwisha, amekonda, ana masanduku mawili. Siku hiyo sikuwepo, niliyasikia baadaye. Mwalimu alifungua chupa. Haikunuka. Haikubadilika rangi. Yeye, ambaye hakuwahi kumpa mtu chakula bila kukionja kwanza kwenye kiganja, hakuonja, kwa sababu lile lilikuwa fungu la mwenzake. Yeye, aliyeamini moto kuliko kitu chochote, hakulirudisha motoni. Alilipasha kwenye maji ya moto, akamketisha binti yake, na majirani wakasimama mlangoni kutazama.

Kesho yake binti alianza kuongea kama aliyelewa. Ulimi ulikuwa mzito, kope zilishuka zikakataa kupanda. Kwa kuwa alikuwa ametoka mbali na watu walikuwa wakimnywesha busaa ya kumkaribisha, walicheka. Wakasema Uarabuni kumemsahaulisha pombe ya kwao. Siku iliyofuata hakuweza kumeza hata mate yake, na hapo kicheko kikaisha, wakasema ni majini ametoka nayo huko. Wakamwombea. Walimwombea kwa nguvu, na nia yao ilikuwa njema kabisa, na sauti yake ikawa inapungua wakidhani majini yananyamaza. Nilipofika mimi, kifua chake kilikuwa kinapanda kwa shida na akili yake yote ilikuwa macho. Alikuwa anatusikia. Hiyo ndiyo iliyonivunja. Tulimbeba tukampeleka hospitali, na kutoka hapo wakatafuta gari la kumpeleka kwenye mashine ya kupumulia. Hakufika kwenye mashine.

Daktari aliyekuwepo alikuwa kijana mpole. Alituuliza amekula nini ambacho wengine hawakula. Mwalimu akajibu mwenyewe, wazi, kama mtoto anayeitwa darasani. Daktari akataja jina refu la ugonjwa ambalo sikulishika, halafu akaeleza taratibu. Kuna kijidudu kinaishi kwenye udongo, mbegu yake haiuawi na maji yanayochemka. Ukiifungia mahali pasipo hewa, penye chakula ambacho si kichachu wala si cha sukari nyingi, inaamka na kutengeneza sumu. Nanasi lina uchachu wa kuizuia, hata nyanya mara nyingi, na jamu inalindwa na sukari. Nyama haina ulinzi wowote. Mara nyingine hakuna harufu, hakuna dalili. Mwalimu akauliza swali moja tu. "Kama ningeichemsha tena kabla ya kumpa?" Daktari alitazama sakafu. Akasema ndiyo, mama, kuichemsha vizuri, dakika kumi na zaidi, kwa kawaida huiharibu ile sumu.

Sitaeleza mazishi. Nitasema tu kwamba kuna watu walimtazama mama yule wakajiuliza kwa nini mpishi hakuugua. Mama gani anampa mtoto wake chakula na yeye hakionji? Maneno ya uchawi yalianza hapohapo kaburini, kwa kunong'ona. Angeweza kujitetea kwa ile mila, na hakujitetea. Watu wa Kisoko walikuja baada ya matanga, wakakaa kwa heshima, wakakataa chai, wakamchukua mjukuu wao. Babu wa mtoto alisema, "Mama, hatukuiti mchawi. Lakini mtoto hawezi kula hapa." Mwalimu alifungasha nguo za mtoto mwenyewe. Mtoto ndiye pekee aliyebakiwa naye duniani, na alimkunjia nguo vizuri akamkabidhi.

Nilidhani atalala kitandani asiamke. Badala yake, wiki iliyofuata alifunga kanga akaanza kupita nyumba kwa nyumba, kila nyumba aliyowahi kufundisha, Dabani yote na kwingineko, kwa miguu. Anabisha, anasalimia, anaomba wamwoneshe chupa zao. Jamu aliziacha. Nanasi aliliacha. Nyama, samaki, maharage, uyoga, mboga za majani, hizo alizibeba kwenye karai. Nyuma ya nyumba yake alizichemsha zikiwa wazi muda mrefu sana, akachimba shimo, akamwaga, akafukia, mbwa wasije wakafukua. Moto huo ndio ulikuwa wa mwisho kuwashwa pale kwake kwa miaka.

Jumapili aliomba nafasi baada ya misa. Alisimama mbele ya wamama, hana karatasi, mikono imeshikana. "Mimi nilifundisha nyinyi mbaya," akasema. "Ya uchachu na ya sukari, chupa iko sawa. Nyama hapana. Samaki hapana. Maharage, uyoga, mboga, hapana. Hizo mtu akaushe kwa jua ama moshi, kama wazee. Ama apike leo ale leo." Mama mmoja wa nyuma, ambaye chupa zake zilikuwa zimechukuliwa na zilimuuma, alisema, "Lakini Mwalimu, mimi yangu nilikula na sikufa." Mwalimu akamtazama. "Hata mimi nilisema hivyo," akajibu, akakaa.

Baada ya hapo hakupika tena. Alikula alichopelekewa na jirani, au ndizi. Jiko lake likawa kiota cha kuku. Nilimwomba aje akae nami mpakani anisimamie wapishi, akakataa. Nilimwambia anitukane basi, aniite Uji, akatabasamu kidogo na kusema nimekua. Niliona uchungu kuliko siku zote alizonitania. Kitu kimoja tu alikuwa akikiuliza, kila nikienda, kama Kisoko wamesema lolote kuhusu mtoto. Alitaka mtoto aje, hata siku moja, ale kwake. Akishasema "ale" anajirekebisha haraka, "akae. Akae tu."

Nilikwenda Kisoko mwenyewe, zaidi ya mara moja. Mwaka jana walikubali. Mtoto ameshakuwa msichana wa kwenda dukani peke yake, mrefu, ana macho ya mama yake. Bibi yake wa Kisoko alimfungia chapati na kuku kwenye bakuli lenye kifuniko, akaniangalia usoni akasema, "Atakula hii tu. Tumeelewana?" Nikasema tumeelewana. Sikumlaumu. Mimi nami nina wajukuu.

Tulifika Dabani siku ya Krismasi, jua likiwa juu. Mwalimu alikuwa ameketi mlangoni amevaa nguo ya kanisani. Hakumkimbilia mtoto, alimnyooshea mkono kama mgeni. Kando yake aliweka ungo wenye ndizi mbivu, mapera, na miwa iliyomenywa. "Hizi hakuna mtu amepika," akamwambia. "Hizi ni za Mungu." Halafu akaliona bakuli. Akalipokea kwa mikono miwili, akaleta sahani na maji ya kunawa, akampakulia mtoto chapati za watu wengine siku ya Krismasi, ndani ya nyumba yake mwenyewe. Nilitoka nje kidogo. Niliporudi mtoto alikuwa anakula na bibi yake anamtazama.

Mtoto akamaliza, akanawa. Akasema, "Kukhu," ndivyo wanavyomwita bibi huku, "watu nasema mama alikufa juu ya chakula yako."

"Ni kweli," Mwalimu akasema.

"Ulitaka afe?"

"Hapana. Nilitaka ashibe."

Mtoto alifikiri. Mimi nilikuwa nimeshika mlango, sijui nitoke ama nibaki. "Ilikuwa tamu?"

Hakuna aliyewahi kumwuliza hivyo. Sisi wote tulikuwa tumeuliza ilikaa muda gani, ilifungwaje, ilinuka ama haikunuka. Mwalimu aliitazama sahani ya mtoto. Kisha akasema, "Alikula yote. Alipangusa sahani na kidole. Aliniambia, Mama, sasa nimefika."

"Nipikie hiyo," mtoto akasema. "Lakini usiweke kwa chupa."

Mwalimu akaniangalia mimi. Aliniangalia jinsi wanafunzi wake tulivyokuwa tunamwangalia yeye, tukisubiri tuambiwe kama tumeharibu. Nilikuwa nimeahidi watu wa Kisoko kwa mdomo wangu. Nikamwambia, "Mimi nakwenda kuazima mchi kwa jirani."

Nyama ya moshi haikuwepo, tukachinja kuku. Tulifukuza wenzake jikoni, tukafagia, tukawasha. Mtoto alitoa mikono mlangoni bila kuambiwa, nadhani huko Kisoko kuna mtu aliyemsimulia. Mwalimu alikaanga karanga mwenyewe, nikitaka kumpokea akanisogeza kwa kiwiko. Alipika kupita kiasi. Kuku aliachana na mifupa, mchuzi ukakauka akaongeza maji, ukakauka tena. Alionja, akanionjesha, akasubiri, akaonja. Jua lilikuwa linashuka ndipo akampakulia mtoto. Yeye hakula. Mchuzi haukuwa ule wa zamani, ulikuwa umeungua kidogo chini, na mtoto aliumaliza.

Hapo Mwalimu alisogea, akamshika mtoto kidevu, akakiinua. "Niangalie," akasema. "Unaona mimi mmoja ama wawili?"

Sikuelewa. Bila kunigeukia akaniambia, "Mama yake aliamka asubuhi ile, kabla ya ulimi kuwa mzito, akasimama kwa mlango. Akasema, Mama, leo mko wawili. Nikacheka, Uji. Nilicheka."

Mtoto alimkazia macho, kwa makini, kama anayepimwa macho hospitali.

"Mmoja, kukhu," akasema. "Na unalia."

Mwalimu alimwuliza mtoto swali lile tena wakati wa kufunga virago, na tena nilipoita pikipiki. Nilimwambia daktari alisema haya mambo yanatoka kwenye chupa, si kwenye sufuria iliyotoka motoni sasa hivi. Akasema anajua, yeye ndiye aliyewafundisha wamama hivyo. Tukapanda, mtoto katikati, mimi nyuma. Pikipiki ilipoanza kuondoka nilimsikia anaita kitu kutoka mlangoni, injini ikakimeza. Mtoto hakuhitaji kusikia. Aligeuka kwa nyuma, akanyoosha mkono juu ya bega langu, akainua kidole kimoja, akakishikilia hivyo mpaka tulipokata kona.